Goti Bandia: Bei Unayotajiwa na Bei Utakayolipa

Mamangu ana miaka 68. Goti lake la kulia lilianza kusagika zamani, taratibu, mpaka ikafika mahali hawezi tena kukalia mbuzi akakuna nazi. Ngazi za nyumba yetu huku Mji wa Kale akizipanda kwa kukaa kitako, daraja moja moja, na sala akiisali juu ya kiti. Hapo ndipo daktari wa mifupa alipotamka lile neno tulilokuwa tukilikwepa sote: goti libadilishwe. Kakangu yuko Dubai, na ndiye tuliyemtegemea kwa pesa. Nilipompigia simu aliuliza neno moja tu: "Ngapi?"

Kulijibu swali hilo kulinichukua miezi minne. Nayaandika niliyoyapata kwa sababu kila nikikaa barazani au harusini sikosi mtu mwenye mama, shangazi au bibi mwenye goti kama hilo, na wote wanauliza kama alivyouliza kakangu.

Kwanza tujue kinachonunuliwa. Wengi hudhani goti zima hukatwa likatupwa. Sivyo. Mwisho wa mfupa wa paja na kichwa cha muundi hufunikwa kwa ule utando laini na mtelezo unaoitwa gegedu. Ukishalika, mfupa unasugua mfupa, na hayo ndiyo maumivu. Daktari hukwangua nyuso za mifupa hiyo, akavisha kofia ya chuma upande wa paja, sahani ya chuma upande wa muundi, na katikati akaweka kipande cha plastiki ngumu kinachofanya kazi ya gegedu. Mara nyingi vyuma hugandishwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Chuma kinachotumika sana ni mchanganyiko wa kobalti na kromu. Kazi yenyewe huchukua saa moja hadi mbili, na wagonjwa wengi hudungwa ganzi ya mgongo badala ya kulazwa usingizi kamili.

Jambo hili si geni kama tunavyodhani. Mwaka 1890 daktari Themistocles Gluck, kule Berlin, alijaribu kuwawekea wagonjwa bawaba ya goti iliyochongwa kwa pembe ya ndovu. Hazikudumu, usaha uliziharibu. Magoti yanayofanana na haya ya leo yalikuja miaka ya 1970.

Sasa bei. Hospitali ya kwanza niliyoingia, ya kibinafsi hapa hapa kisiwani, ilinipa karatasi iliyoandikwa shilingi 430,000. Nilitoka pale nimefurahi, nikampigia kakangu, akaahidi kutuma. Wiki ya pili nikarudi kuuliza tarehe. Karani, bila hata kuinua kichwa, akaniambia hiyo 430,000 ni ya daktari, daktari wa ganzi, thieta na kitanda. Goti lenyewe, yaani vile vyuma na plastiki, hununuliwa kando kutoka kwa msambazaji, shilingi 290,000 na zaidi kulingana na aina. Nilimuuliza kwa nini hawakuandika. Akasema sikuuliza.

Basi jifunze kwa kosa langu. Bili ya goti ina mafungu makubwa manne: kifaa chenyewe, ada ya daktari wa mifupa pamoja na wasaidizi wake na daktari wa ganzi, thieta na vifaa vyake, kisha kitanda, dawa na vipimo kwa siku za kulazwa. Karatasi isiyotaja mafungu hayo yote manne si bei, ni kionjo. Omba iandikwe ni kifaa cha kampuni gani na aina gani, analazwa siku ngapi, na siku ikizidi moja ni kiasi gani. Ukiambiwa ni bei ya jumla, uliza damu ikihitajika nani analipa, na akipelekwa chumba cha wagonjwa mahututi usiku mmoja je.

Hospitali ya pili ilitaja 815,000, kila kitu ndani, usiku nne. Ukiweka karatasi mbili hizo mezani, ile ya kwanza inaonekana nafuu kwa karibu nusu. Ukijumlisha kifaa na siku za ziada walizokuwa hawakuzihesabu, tofauti inayeyuka. Ya tatu ilikuwa hospitali ya misheni huko bara, iliyotuambia 560,000. Huko bara, Kijabe na Kikuyu zimejenga jina kwa kazi ya mifupa, na si ajabu kumkuta mgonjwa wa Pwani kwenye treni ya Nairobi akielekea huko. Sisi tulipiga hesabu ya nauli, chumba cha msindikizaji kwa wiki tatu, na kurudi kuonwa baada ya wiki sita. Nafuu ilibaki, lakini haikuwa tena ya kumfanya mama apande treni akiwa na mshono.

Hospitali kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu bado twaiita Makadara, ina madaktari wa mifupa, na hospitali ya umma kwa kawaida ni nafuu kuliko ya kibinafsi. Kinachosumbua hospitali za umma ni foleni: majeruhi wa bodaboda hawangoji, goti la bibi linangoja. Nisingemkataza mtu kuanzia huko. Hata akiishia kwingine, ushauri wa daktari atakuwa ameupata kwa bei ndogo.

Bima na India

Tangu Oktoba 2024 NHIF haipo, tuna SHA. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na ajira rasmi hupimwa uwezo wa nyumba yake, kisha hutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima. Wengi hukwama hapo: mtu anajisajili, hapati kulipa, halafu siku ya kulazwa ndiyo anagundua kwamba kusajiliwa si kulipiwa. Lipa mapema. Upasuaji kama huu huombewa idhini kabla, na ombi hilo hutumwa na hospitali, si wewe. Muulize karani wa bima wa hospitali ile ile kiasi gani kitakubaliwa, kwani ziada yote ni juu yako. Kwetu sehemu ya SHA haikufika nusu ya bili. Lakini ilikuwa pesa ya kweli, na bila hiyo tungeuza kiwanja cha Mtwapa ambacho ndicho pekee marehemu baba alichotuachia. Mjomba alikuwa ameshaleta mnunuzi.

Mwenye bima ya kibinafsi asome kwa makini sehemu ya maradhi aliyokuwa nayo kabla ya kujiunga. Goti bovu la miaka mingi huingia humo, na kampuni nyingi huweka muda wa kungoja au kikomo kidogo.

India ilitugawa nyumbani. Dadangu alikuwa na namba ya wakala aliyeahidi goti kwa dola 6,000, mapokezi ya uwanja wa ndege juu yake. Kuna sababu ya kweli kwa nini magoti ya India ni nafuu, na si kwamba ni mabaya. Agosti 2017 serikali yao iliweka kikomo cha bei ya vifaa: goti la kobalti na kromu lisiuzwe zaidi ya rupia 54,720 kabla ya kodi, ilhali kabla ya hapo wastani wa bei ya juu ulikuwa zaidi ya rupia 158,000. Huku kwetu sijaona kikomo kama hicho, na mbunge atakayelisimamia atapata kura yangu.

Lakini ongeza juu ya zile dola 6,000 tikiti mbili, viza ya matibabu na ya msindikizaji, malazi ya wiki mbili au tatu, na chakula. Kisha fikiria safari ya kurudi. Baada ya upasuaji wa goti damu huwa rahisi kuganda mguuni, na kukaa saa nyingi kwenye ndege huzidisha hatari hiyo, kwa hivyo mtu hafai kukimbilia uwanjani wiki ya kwanza. Na likitokea tatizo baada ya miezi miwili, daktari aliyekupasua yuko ng'ambo ya bahari. Anayehitaji magoti yote mawili na ana mtu wa kumlaza kule, hesabu yaweza kumkubalia. Kwa goti moja haikutukubalia.

Pesa za nje ya hospitali

Fungu hili hakuna karani atakayekutajia. Vipimo vya kabla ya upasuaji, yaani damu, moyo, eksirei ya kusimama na sukari ya miezi mitatu, vilitugharimu 34,000. Mazoezi ya viungo ziara kumi na nane, kila moja 2,000, ni 36,000. Fremu ya kutembelea 4,500. Choo chetu kilikuwa cha kuchutama. Fundi alikivunja akaweka cha kukalia kwa 21,000. Dawa za kuzuia damu kuganda 10,500. Msichana wa kumsaidia mama miezi miwili 24,000. Jumla 130,000, na hapo tuktuk za kwenda na kurudi sikuzihesabu.

Mtu akibanwa na pesa hukata mazoezi kwanza. Afadhali akate kingine chochote. Goti lisipokunjwa na kunyooshwa wiki za mwanzo hushika ugumu, na ukishashika huenda mgonjwa akarudishwa thieta kulazimishwa kukunjwa. Siku ya pili tu mamangu alisimamishwa. Alilia, akatuita majina, akatembea hatua sita.

Sukari nayo ina bei yake. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, kidonda chake huchelewa kupona na hatari ya usaha hupanda. Kwa jumla usaha wa ndani ya goti huwapata mgonjwa mmoja au wawili katika mia, lakini ukimpata, kifaa chaweza kutolewa na kuwekwa kingine, na gharama hiyo hupita ile ya kwanza. Daktari wetu alikataa kumpasua mama mpaka sukari ishuke. Tulinuna miezi miwili, tukamkatia halwa na mahamri ya sukari nyingi, akapungua kilo saba. Jambo la ajabu ni kwamba maumivu yalipungua pia kabla ya kisu. Kila kilo moja inayoondoka mwilini hulipunguzia goti mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua. Kuna watu ambao hapo ndipo safari yao inaishia, hawahitaji tena upasuaji, na hiyo ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Muulize pia daktari kama goti limelika upande mmoja tu, kwani kuna upasuaji wa nusu goti, mdogo zaidi.

Na uulize mapema goti jipya litafanya nini. Kwa kawaida hukunjika nyuzi 110 hadi 125. Hiyo yatosha ngazi, kiti, gari. Kuchutama kabisa, au kukaa juu ya visigino kama kwenye tahiyatu, huhitaji zaidi ya hapo, na madaktari wengi hushauri kutolilazimisha. Mama alidhani akitoka hospitali atarudi kwenye mkeka wake. Hakuna aliyemwambia kabla, nasi hatukuwa tunajua. Aliposikia, alinyamaza siku nzima. Mgonjwa na aambiwe hili kabla hata pesa hazijachangwa, kwa sababu hadi mtu mmoja katika watano hubaki hajaridhika na goti jipya, na sehemu ya kutoridhika huko ni kutarajia kisichokuwemo.

Kuhusu kudumu, habari ni njema. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba magoti 82 katika kila 100 hufika miaka 25 bila kubadilishwa. Kwa mtu wa miaka 68 maana yake huenda halitaguswa tena. Kwa wa miaka 50 hesabu ni nyingine, ndiyo maana wengine huambiwa wavumilie kwanza.

Tulilipa ile 815,000, SHA ikiwa na sehemu yake, kakangu na yake, na mchango wa ukoo ukaziba pengo. Kiwanja kipo. Sasa ni mwezi wa saba. Mama anapanda ngazi kwa miguu, sala bado ni ya kiti, na mbuzi amekabidhiwa mjukuu, anayekemewa kila siku kwa kukuna nazi mpaka kwenye kifuu. Goti la kushoto nalo limeanza kulia. Safari hii nimekwenda kwa karani na karatasi yangu mwenyewe, mistari kumi na mmoja, nikamwomba ajaze bei mbele ya kila mstari na agonge mhuri. Amesema nirudi Jumatatu.