Zohali juu ya mapaa ya jiji

Taa za miji mikubwa zimezificha nyota, lakini hazijaificha sayari yenye pete. Kutoka London, mtayarishaji wetu anasimulia jinsi watu wa kawaida walivyoiona, wakaichora na hatimaye kuipiga picha wakiwa katika nyua za nyumba zao.

Msikilizaji, ukiishi katika jiji kubwa, liwe London, Dubai au Chicago, huenda umekwisha kulikatia tamaa anga la usiku. Mwanga wa barabara na maduka huipa mbingu rangi ya kutu, na nyota zinazosalia huhesabika kwa vidole.

"Huku hakuna nyota, mwanangu," aliniambia jirani yangu usiku mmoja wa kiangazi cha mwaka 2018. Ni mzee aliyezaliwa Pemba, akaendesha mabasi ya jiji hili mpaka alipostaafu. Nilikuwa nimemkaribisha uani, penye darubini yenye kioo cha sentimita 20. Aliinama, akatazama, akanyamaza. Kisha akauliza kama nilikuwa nimebandika picha ndani ya bomba.

Haikuwa picha. Ilikuwa Zohali yenyewe na pete zake, umbali wa kilomita zipatazo bilioni 1.35. Nuru iliyoingia jichoni mwake ilikuwa imesafiri kwa muda wa saa moja na robo.

Jina hili linahitaji maelezo kidogo. Baadhi ya orodha za sayari zilizofundishwa shuleni Afrika Mashariki ziliiita sayari hii Sarateni, na jina la Zohali zikaipa Uranusi. Hapa tunalitumia kwa maana yake ya asili, kama lilivyotujia kutoka Kiarabu, Zuhal: sayari ya mbali kuliko zote walizozijua watu wa kale.

Mwanga wa jiji hufunika vitu hafifu, kama vile Njia ya Maziwa na mawingu ya gesi yaliyo kati ya nyota. Zohali haimo katika kundi hilo. Hung'aa kiasi cha kuonekana kwa macho matupu hata katikati ya mji. Anayeizuia ni adui mwingine, nayo ni hewa. Tabaka za hewa yenye joto na baridi hutikisika juu ya vichwa vyetu, na picha ya sayari huchezacheza kama sarafu iliyo chini ya maji ya kijito. Kwa karne nne, historia ya kuitazama Zohali imekuwa historia ya kushindana na mtikisiko huo.

Bustani ya mwanamuziki

Galileo Galilei aliielekeza darubini yake kwenye Zohali mwaka 1610, akiwa katika mji wa Padua, Italia. Aliona kama miili mitatu iliyopangwa sambamba. Mwaka 1612 ile miwili ya pembeni ikatoweka, naye hakuweza kueleza sababu. Mholanzi Christiaan Huygens ndiye aliyelitegua fumbo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1659: sayari imezungukwa na pete nyembamba isiyoigusa popote, na pete hiyo ikitugeukia kwa ubavu, haionekani. Mwaka 1675, mjini Paris, Giovanni Domenico Cassini akaona ufa mweusi ukiigawa pete hiyo. Ufa huo unaitwa kwa jina lake hadi leo.

Lakini kisa kinachotuhusu zaidi sisi tunaoishi ugenini ni cha mhamiaji. William Herschel alizaliwa Hanover, Ujerumani, mwaka 1738, akahamia Uingereza akiwa kijana, na kujipatia riziki kwa kupiga na kufundisha muziki katika mji wa Bath. Vioo vya darubini alivitengeneza mwenyewe nyumbani. Dada yake Caroline, ambaye baadaye alijipatia sifa kwa kugundua nyota-mkia, alisimulia kwamba ilimbidi kumlisha kwa mkono wake, kwa kuwa kaka yake hakuthubutu kukiacha kioo alichokuwa akikisugua.

Usiku wa tarehe 13 Machi 1781, katika bustani iliyo nyuma ya nyumba nambari 19 ya barabara ya New King Street, Herschel aliona kitu kilichofanana na duara dogo. Kwanza alidhani ni nyota-mkia. Kumbe ilikuwa sayari, Uranusi, ya kwanza kugunduliwa kwa darubini. Hakujua kwamba nayo ina pete. Pete hizo zilijulikana tarehe 10 Machi 1977, pale wanasayansi waliokuwa ndani ya ndege yenye darubini, ikiruka juu ya Bahari ya Hindi, walipoona nyota ikififia mara kadhaa kabla ya sayari hiyo kupita mbele yake.

Bamba na jicho

Upigaji picha ulipoingia katika elimu ya anga karne ya 19, ungedhani jicho limemaliza kazi yake. Haikuwa hivyo. Huko Ealing, magharibi mwa London, mhandisi Andrew Ainslie Common alisimamisha bustanini kwake darubini yenye kioo cha sentimita 91. Mwaka 1883 alipiga picha ya wingu la gesi la Orioni, na bamba lake la kioo likaonyesha nyota ambazo jicho halikuwahi kuziona. Siri yake ilikuwa subira, kwa maana bamba liliachwa wazi kwa muda mrefu likikusanya nuru kidogo kidogo.

Kwa sayari, subira hiyo hiyo ndiyo iliyoharibu. Ndugu wawili, Paul na Prosper Henry, walipiga picha za Zohali katika kituo cha anga cha Paris mwaka 1885, na zilisifiwa sana. Hata hivyo, wakati bamba likikusanya nuru, hewa ilitikisika, na picha nzuri ikachanganyika na mbaya. Mtu aliyekaa na penseli aliweza kungoja mpaka hewa itulie kwa nukta moja, akakamata alichokiona na kukichora. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka 100 wachoraji waliendelea kuishinda kamera.

Mmoja wao alikuwa Will Hay, mchekeshaji aliyejulikana kote Uingereza kwa michezo ya jukwaani na sinema. Watazamaji wake wengi hawakujua kwamba nyumbani kwake Norbury, kusini mwa London, alikuwa na darubini yenye lenzi ya sentimita 15. Tarehe 3 Agosti 1933 aliona doa kubwa jeupe karibu na ikweta ya Zohali. Ilikuwa dhoruba, mojawapo ya zile ambazo hulipuka huko baada ya miongo kadhaa. Alilipima na kutoa taarifa, na vituo vikubwa vikageuza darubini zao kulitazama doa lililoonwa na mtu wa vichekesho.

Kamera ya mezani

Mageuzi yalikuja kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Mwaka 1969, Willard Boyle na George Smith wa maabara za Bell nchini Marekani walibuni kifaa cha kugeuza nuru kuwa umeme, kazi iliyowapatia Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000, vifaa vya namna hiyo vilikuwa ndani ya kamera ndogo za kompyuta, zile ambazo wengi wetu tulizinunua ili tuwaone jamaa zetu walio mbali wakati wa mazungumzo ya intaneti.

Wapenzi wa anga waliifungua kamera hiyo, wakang'oa lenzi yake, wakaipachika pale ambapo jicho hukaa. Badala ya picha moja walirekodi video. Dakika tatu kwa picha 30 kila sekunde ni picha 5,400. Nyingi zimevurugwa na hewa, lakini chache zimepatikana katika nukta za utulivu. Programu ya kompyuta huzichambua, huzitupa mbovu, na kuzipanga nzuri moja juu ya nyingine mpaka chembechembe za ukungu zipungue na ufa wa Cassini ujitokeze. Mmarekani David Fried alikuwa amekokotoa mwaka 1978 uwezekano wa kupata picha za bahati kama hizo. Sasa bahati ilikuwa imeshuka bei. Kamera hatimaye ilijifunza kungoja kama mchoraji.

Matunda yake yalionekana Desemba 2010, dhoruba nyingine kubwa ilipolipuka kwenye Zohali. Chombo cha Cassini, kilichokuwa kikiizunguka sayari hiyo, kilinasa mawimbi ya radi zake, na watazamaji wa majumbani wakapiga picha za wingu lenyewe lilivyokua. Wanasayansi walizitumia picha za aina zote mbili.

Nani anaitazama sasa?

Tarehe 15 Septemba 2017, Cassini ilielekezwa ndani ya mawingu ya Zohali, ikateketea. Tangu siku hiyo hakuna chombo kinachoizunguka sayari hiyo. Darubini kubwa zina foleni ndefu ya kazi, na ile ya anga za juu ya Hubble huipiga Zohali picha mara chache kwa mwaka. Dhoruba ijayo haitangoja zamu yake. Yamkini atakayeiona kwanza atakuwa mtu aliyesimama uani au juu ya paa la nyumba yake.

Na katika hilo, msikilizaji, ndugu zetu walio nyumbani wanatuzidi. Mwaka ule wa 2018, Zohali ilipofika juu kabisa katika anga la London, ilikuwa nyuzi 16 tu kutoka upeo wa macho, na nuru yake ilipita katika hewa nzito iliyochafuliwa na joto la mapaa. Usiku huo huo, kisiwani Pemba, ilipanda zaidi ya nyuzi 70. Sayari hazitoki mbali na njia ya Jua. Kwa hiyo anayeishi Mombasa, Dar es Salaam au Kampala huzipata juu kichwani, mahali ambapo hewa ni nyembamba zaidi, hata kama barabara yake imejaa taa.

Mwezi Machi 2025 pete zilitugeukia tena kwa ubavu, kama zilivyomfanyia Galileo mwaka 1612. Tangu hapo zimeanza kufunguka polepole, na zitaendelea hivyo mpaka mwanzoni mwa miaka ya 2030.

Usiku ule niliirekodi Zohali kwa dakika tatu, na kesho yake nikampelekea mzee picha. Ilikuwa ndogo, na ukungu wa London umo ndani yake. Aliituma kwa mjukuu wake aliyeko Chake Chake, nami nikamwomba aongeze maneno machache: kwamba huko waliko wana anga bora kuliko letu, na kilichobaki ni darubini.