Namba ya Mfuatano na Haki ya Aliyetangulia: Maombi ya Leseni za Madini katika Ukanda wa Geita na Shinyanga

Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilidumisha kanuni kwamba ombi lililotangulia kupokelewa ndilo hutangulia kushughulikiwa. Katika zama za daftari, namba moja ilibeba mambo mawili: utambulisho wa ombi na zamu yake, kwa kuwa karani aliandika mstari mmoja baada ya mwingine.

Tanzania ilipoanza kupokea maombi hayo kwa mtandao mwaka 2015, mambo hayo mawili hayakuweza tena kuchukuliwa kuwa kitu kimoja. Viunzi vya kutengenezea tovuti, kama vile Ruby on Rails (2004) na Django (2005), huipa kila rekodi namba chaguo-msingi inayojiongeza yenyewe. Programu ikisoma namba kubwa iliyopo na kuongeza moja, maombi mawili yanayoingia kwa pamoja huweza kupata namba ileile. Hifadhidata ikiachiwa kazi hiyo huondoa mgongano, lakini muamala ukibatilishwa namba hurukwa, na mwenye namba ndogo huweza kukamilishiwa usajili baada ya mwenye kubwa.

Aidha, namba yenye jina la mkoa huchakaa: mwaka 2012 Bukombe ilitoka Shinyanga ikaingia mkoa mpya wa Geita.

Kwa hiyo, namba ya mfuatano hutambulisha ombi tu. Haki ya mchimbaji mdogo aliyetangulia huhitaji uga wake wenyewe, unaohifadhi wakati wa kupokelewa kwa ombi.