Pai ya kuku na siagi ya Ngare Nanyuki

Novemba 17, 2026 inatimia miaka 75 tangu serikali ya kikoloni ya Waingereza ianze kuwafukuza Wameru wa Tanganyika kutoka Ngare Nanyuki. Habari hiyo husimuliwa kama kesi ya ardhi. Ni habari ya chakula pia, na mpishi wa Kikwe, kusini mwa Mlima Meru, anayeandalia familia yake pai ya kuku siku ya Jumapili, anaigusa kwa mikono yake.

Pai yenyewe haina ugumu. Kuku wa kienyeji huchemshwa taratibu mpaka nyama iachane na mifupa, ikachanganywa na karoti, njegere na mchuzi mzito wa maziwa, kisha ikafunikwa kwa unga wa ngano uliokandwa na siagi. Asiye na oveni huweka sufuria jikoni na kupanga makaa juu ya mfuniko. Watoto hugombania lile ganda la juu.

Hiki si chakula cha asili cha Mmeru, ambaye faraja yake ni loshoro (mahindi na maziwa ya mtindi) na ndizi. Makaburu, waliotoka Afrika Kusini baada ya vita vyao na Waingereza vya 1899 hadi 1902, walipewa ardhi na Wajerumani kuuzunguka Meru, Ngare Nanyuki ikiwemo. Kwao pai ya kuku, hoenderpastei, ni chakula cha familia. Wengi wao hawakudumu. Wameru wakachanga fedha na kuyanunua mashamba mawili yaliyokuwa ya walowezi, namba 31 na 328.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mwaka 1947 ripoti ya Jaji Mark Wilson ilipendekeza ukanda ulio kati ya Meru na Kilimanjaro uwe wa Wazungu, wafuge ng'ombe wa nyama na wa maziwa. Yaani wenyeji waondoke, siagi ipatikane! Wameru walikataa kuhama na kukataa fidia. Askari wakaja, nyumba zikachomwa, mifugo ikaswagwa, na watu wapatao 3,000 wakaondolewa kwenye ardhi waliyoilipia kwa fedha zao.

Msemaji wa Wameru Kirilo Japhet na wakili Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, wameyaeleza hayo katika kitabu chao cha 1967 kuhusu kesi hiyo. Wananchi walichangishana nauli, na mwaka 1952 Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York. Kamati ya Nne iliunga mkono Wameru warudishiwe ardhi. Katika Baraza Kuu kura hazikufika theluthi mbili. Hata hivyo Tanganyika nzima ilikuwa imesikia, na miaka miwili baadaye chama cha TANU kikazaliwa.

Yaliyofuata yanajulikana, na unga wa pai nao umo. Uhuru ulikuja 1961, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 vinu vya unga vikataifishwa. Mtaa wa Unga Limited mjini Arusha bado unabeba jina la kampuni ya kusaga.

Leo Ngare Nanyuki wanaishi Wameru. Kinachosikitisha ni kwamba mtoto wa Meru anaweza kumaliza shule akiyajua zaidi mapigano ya mbali kuliko kufukuzwa kwa babu zake mwenyewe. Japhet na Seaton waliandika kwa Kiingereza. Kitabu chao kinastahili kuchapishwa kwa Kiswahili na kuingia katika maktaba za shule za Meru kabla ya Novemba. Nawe msomaji, ukiwapakulia wanao pai siku ya Jumapili, waeleze kwamba watu 3,000 walifukuzwa makwao ili wengine wapate malisho ya ng'ombe wa maziwa.