Basi ya Leta: nani anailipia, na juu ya nini inakufaka mapema?

Basi mpya zikifika katika mji wa Kongo, mambo huenda namna moja. Kuko sherehe, wakubwa wanakata utepe, watoto wanakimbia nyuma ya gari. Mwaka unapita, wa pili unapita. Basi moja inalala garaji kwa kukosa mipira. Ya pili inatolewa vyuma ili ya tatu itembee. Watu wanarudi kwa moto, na wanaulizana: basi ya Leta ilipotelea wapi?

Ukurasa huu unaeleza namna usafiri wa mjini unavyopangwa na kulipiwa: kazi ni ya nani, franga zinatoka wapi, na miji mingine ilifanya nini. Tumeuandika kwa ajili ya mwana Boyoma anayelipa moto kila asubuhi, ili siku wakubwa watakapotangaza basi, ajue cha kuuliza.

Kisangani inatembea namna gani

Mji wetu una komine sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga. Tano ziko ng'ambo ya kuume ya mto Kongo, Lubunga peke yake iko ng'ambo ya kushoto. Mto hauna daraja hapa. Mtu wa Lubunga anayefanya kazi Makiso anavuka kwa mtumbwi kwanza, halafu anatafuta moto. Gari-moshi la Ubundu, lenye njia ya kilomita 125, nalo linaanzia Lubunga, kwa sababu maporomoko ya Wagenia yanazuia mashua kupanda juu. Uwanja wa ndege wa Bangboka uko karibu kilomita 17 kutoka katikati ya mji, kwa barabara ya Ituri. Kwa hiyo mpango wowote wa usafiri wa Kisangani usiotaja mto ni mpango wa nusu mji.

Wazee wanakumbuka toleka. Ni neno la Lingala, maana yake "tupite", na ndilo jina la baiskeli zilizobeba watu nyuma. Zilienea sana wakati wa vita, pale mto kuelekea Kinshasa ulipofungwa, barabara zilipoharibika na esansi ilipokuwa ya shida. Hakuna wizara iliyopanga toleka. Watu wenyewe waliona tatizo, wakaweka kiti cha nyuma na sponji juu yake, mji ukaendelea kutembea. Vita vilipokwisha, moto zikaja, na kidogo kidogo zikachukua nafasi ya baiskeli.

Moto iko na faida zake, tusidanganyane. Inaingia kila avenyi, inakushusha mbele ya mlango, inapita penye mashimo, na imepatia vijana wengi kazi. Lakini iko na bei yake pia. Ajali ni nyingi. Mvua, ambayo hapa inanyesha karibu miezi yote, inamkuta mtu barabarani. Mgonjwa anabebwa katikati ya watu wawili. Mama mwenye mizigo miwili ya pondu analipa mara mbili. Na gharama yote iko juu ya familia: ukikosa franga, unatembea kwa miguu. Mwanafunzi wa UNIKIS anajua hesabu hiyo vizuri.

Kazi ni ya nani?

Hapa ndipo watu wengi wanapotea, kwa sababu kazi imegawanywa.

*Serikali ya taifa, Kinshasa.* Ndiyo inashika wizara ya uchukuzi na makampuni ya Leta kama TRANSCO. Barabara za ndani ya miji ni kazi ya Office des Voiries et Drainage, OVD. Barabara kubwa za taifa nje ya miji, kama RN4 inayotuunganisha na Buta upande mmoja na Beni upande mwingine, ni kazi ya Office des Routes.

*Serikali ya jimbo.* Tshopo ni jimbo tangu 2015, pale Orientale ilipogawanywa kuwa Tshopo, Bas-Uele, Haut-Uele na Ituri. Jimbo lina gavana, wabunge wake na bajeti yake. Linaweza kununua basi, kusaini mkataba na kampuni, ao kupigia kura edikti.

*Mji na komine.* Sheria ya 7 Oktoba 2008 inahesabu mji na komine kati ya entite zenye uongozi na mali zao wenyewe. Mahali pa kusimamisha gari, usafi wa soko, mifereji ya avenyi: mambo haya ya karibu yako mikononi mwa meya na bugumestri.

*FONER.* Huu ni mfuko wa taifa wa kutengeneza barabara, uliowekwa na sheria ya 2008. Ukinunua esansi, sehemu ya bei inatakiwa kuingia humo. Kwa hiyo motari anayejaza tanki kila siku amekwisha kulipia barabara. Ana haki ya kuuliza iko wapi.

Franga zinatoka wapi?

Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 175, inasema kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inakatwa palepale inapopokelewa. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba katika sehemu ya jimbo, asilimia 40 inaenda kwa miji, komine, sekta na shefri. Katiba inataja tena mfuko wa kusawazisha majimbo, wenye asilimia 10 ya mapato ya taifa, kwa ajili ya kazi za ujenzi.

Karatasi ni nzuri. Katika kazi, franga zinapanda kwanza Kinshasa, halafu zinarudi kidogo na kwa kuchelewa. Jimbo linaweza kupanga basi katika bajeti, bajeti ikapigiwa kura, na franga zisifike. Ndiyo maana kuona jambo ndani ya bajeti haitoshi. Swali la pili ni: zilitoka kweli, na ngapi?

Kinshasa ilipitia njia gani?

Mji mkuu umejaribu mara nyingi. Mwaka 1955, wakati ingali Léopoldville, ilikuwa na mabasi ya jirobasi, yaliyotembea kwa nguvu ya gurudumu zito lililozungushwa kwa umeme kwenye vituo. Yaliachwa kabla ya uhuru. Baadaye zikafuatana kampuni za Leta ao zenye mkono wa Leta: OTCZ, SOTRAZ, City Train, na katika miaka ya 2000 STUC, iliyotumia mabasi ya kutoka India. Uporaji wa 1991 na 1993 uliharibu vingi. Lakini hata pasipo uporaji ugonjwa ulikuwa uleule: mabasi yanakuja pamoja, yanazeeka pamoja, na hakuna franga zilizowekwa kando za kununua mengine.

Katika nafasi iliyobaki wazi zikaingia Mercedes 207 kuukuu, zenye mabenchi ndani na madirisha yaliyokatwa kwa chuma. Watu wakazipa jina *esprit de mort*, roho ya kifo. Mwaka 2013 serikali ilileta TRANSCO na mabasi makubwa ya Mercedes-Benz. Ikaleta pia basi ndogo zilizoitwa *esprit de vie*, ambazo watu binafsi walizilipa kidogo kidogo. Abiria wa TRANSCO alilipa 500 FC kwa safari. Watu walifurahi, na walikuwa na haki. Lakini bei hiyo ilikaa palepale miaka mingi huku vipuri vikilipwa kwa dolari. Gari zikaanza kulala, na wafanyakazi wakagoma mara kadhaa kudai mishahara.

Hesabu ya basi moja

Tuchukue mfano. Hizi si bei za leo, ni namba za kuonyesha njia tu.

Basi ina nafasi 50. Inafanya safari 10 kwa siku. Asubuhi kuingia mjini imejaa, kurudi iko nusu. Safari 5 mara watu 50, na safari 5 mara watu 25: jumla watu 375. Kila mmoja analipa 500 FC. Siku imeingiza 187,500 FC.

Mafuta: lita 40, tuseme 3,000 FC kwa lita. Ni 120,000 FC. Inabaki 67,500 FC, na bado hujalipa dereva, reseveri, fundi, asiransi na mipira.

Sasa basi yenyewe. Tuseme ilinunuliwa dolari 100,000 na itaishi miaka 10, ikitembea siku 300 kwa mwaka. Ili upate nyingine siku ile itakapokufa, unapaswa kuweka kando dolari 33 kila siku. Kwa 2,500 FC kwa dolari, ni karibu 83,000 FC. Hiyo peke yake imepita ile 67,500 iliyobaki.

Ndiyo siri ya basi za zawadi. Kwa kuwa hakuna aliyeinunua kwa franga za tiketi, hakuna anayeweka kando za kununua nyingine. Inaonekana inaleta faida mpaka siku inaposimama.

Kuko njia tatu za kutoka. Ya kwanza ni kupandisha bei, lakini hapo maskini anabaki kwa miguu. Ya pili ni Leta kulipa tofauti kila mwezi, kwa mkataba ulioandikwa. Ikiwa wanafunzi wanalipa nusu ao polisi wanapanda bure, nusu ile nyingine lazima mtu ailipe. Isipolipwa, inalipwa na mipira na mshahara wa dereva. Ya tatu ni kutengeneza barabara. Basi ileile kwenye njia nzuri ikifanya safari 14, itabeba watu 525 na kuingiza 262,500 FC. Mafuta yatapanda hadi 168,000, lakini itabaki 94,500, huku dereva akiwa ni yuleyule. Fundi wa mifereji naye ni mtu wa usafiri, hata kama hajui kuendesha.

Wenzetu walifanya nini?

*Dar es Salaam.* Kampuni ya Leta, UDA, ilianza 1974, ikashindwa kubeba mji uliokua haraka, na daladala za watu binafsi zikaruhusiwa 1983. Baadaye serikali ilijenga njia za mabasi ya mwendokasi, karibu kilomita 21, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na kazi ikaanza Mei 2016 na mabasi 140. Safari zilifupika sana. Lakini abiria waliongezeka kuliko mabasi, na karakana ya Jangwani, iliyojengwa bondeni, ilipigwa na mafuriko. Njia ya Mbagala nayo ilikamilika huku mabasi yakisubiriwa. Barabara na gari zinapaswa kufika pamoja.

*Kampala.* Mwaka 2012 kampuni binafsi ilileta mabasi makubwa yaliyopendwa na abiria. Mwisho wa 2013 yalikamatwa kwa deni la kodi. Upande mmoja wa serikali unasema "tunataka basi", upande mwingine unadai kodi inayoziua: wangekaa meza moja mapema.

*Kigali.* Mwaka 2013 mji uligawanywa katika maeneo, na kila kampuni ikapewa njia zake kwa mkataba. Utaratibu uliongezeka, ila foleni za abiria zilibaki ndefu, mpaka serikali yenyewe ikaagiza mabasi ya kuongeza.

*Dakar.* Huko Senegali iliundwa ofisi moja ya usafiri wa mji, CETUD, mwaka 1997. Haikufukuza wenye gari kuukuu. Waliungana katika vikundi, na tangu 2005 wakapewa mkopo, kwa msaada wa Benki ya Dunia, kununua basi ndogo mpya na kulipa kidogo kidogo. Kwa mji kama Kisangani, ambako motari wana vyama vyao tayari, mfano huu unaweza kuwa karibu zaidi nasi kuliko ule wa njia za mabilioni.

Siku watakapotangaza basi, uliza haya

1. Basi zitatembea avenyi gani, na OVD itatengeneza avenyi hizo kabla ao baadaye?
2. Tiketi ni bei gani, na nani atalipa tofauti? Iko katika mstari gani wa bajeti ya jimbo?
3. Vipuri vitatoka wapi, na fundi ni nani? Gari ya aina isiyojulikana hapa ikivunjika, kipuri kitangoja boti kutoka Kinshasa.
4. Watu wa Lubunga watavuka namna gani? Je, kuko mashua yenye saa, taa na jile za kuokolea, na tiketi moja ya mto na basi?
5. Motari watapewa nafasi gani? Basi ikishika njia kubwa, moto inaweza kuleta watu kutoka avenyi za ndani. Wasipoitwa mezani, watapigana na basi, na wana sababu.
6. Hesabu itasomwa wapi kila miezi mitatu, na nani ana haki ya kuiona?

Maswali haya hayahitaji mtu awe amesoma ekonomi. Mama wa soko anayeuza samaki ya kuvuta anajua kwamba usipoondoa franga za mtaji kando, kesho huna cha kuuza. Basi nayo ni hivyohivyo.

Ukiwa na swali kuhusu usafiri katika komine yako, lilete kwenye kipindi, kwa simu ao kwa barua ya mkono. Tutalipeleka kwa wenye kazi, na jibu lao tutalisoma hewani.