Fahamu Star Wars Episode I: Ilisubiriwa miaka 16, ikawaangusha mashabiki, ikapata uhai mwingine kwenye mkanda

Star Wars Episode I: The Phantom Menace ilianza kuonyeshwa Marekani Mei 19, 1999. Kabla ya siku hiyo watu walikuwa wameshapiga kambi nje ya majumba ya sinema kwa wiki kadhaa. Novemba 1998 wapo waliokata tiketi ya muvi nyingine kabisa, Meet Joe Black, wakatazama tangazo la Star Wars lililowekwa mbele yake, halafu wakainuka wakaondoka zao.

Kisha muvi yenyewe ikatoka. Hela ikaingia kwa kishindo, lakini mashabiki wengi walitoka ukumbini wamenuna.

Hadi leo ndiyo inayotajwa mapema kila watu wanapozungumzia filamu tangulizi zilizowaangusha watazamaji. Ila kilichotokea baada ya hapo, ilipohamia kwenye mikanda na diski, ndicho kinachomgusa zaidi mtazamaji wa Ifakara, Mang'ula au Mlimba. Katika Bonde la Kilombero muvi haifiki kwa zulia jekundu. Inafika kwa kibanda umiza, kwa diski, na siku hizi kwa flash au memori kadi.

Filamu tangulizi ni nini?

Ni muvi inayotengenezwa baadaye, lakini hadithi yake inatokea kabla. George Lucas alitoa Star Wars ya kwanza mwaka 1977, ya pili ikafuata 1980 na ya tatu 1983. Adui mkubwa katika hizo tatu ni Darth Vader, yule jamaa wa mavazi meusi na pumzi nzito. Miaka 16 baadaye Lucas akarudi nyuma kueleza Vader alitokea wapi.

Kwenye Episode I Vader bado ni mtoto wa miaka 9, Anakin Skywalker, mtumwa pamoja na mama yake kwenye sayari ya jangwa iitwayo Tatooine. Wapiganaji wawili wa Jedi, walioigizwa na Liam Neeson na Ewan McGregor, wanamkuta huko wakati wanamtorosha malkia wa sayari ya Naboo, aliyeigizwa na Natalie Portman.

Hapo ndipo ulipo mtego wa kila filamu tangulizi: mwisho unajulikana. Mtazamaji wa zamani alishajua mtoto huyu atakuwa nani. Kilichobaki ni kumwonyesha namna, na namna hiyo lazima iwe tamu kuliko aliyojitungia mwenyewe kichwani kwa miaka 16. Kazi ngumu hiyo.

Iliharibikia wapi?

Maneno ya utangulizi yanayopanda kwenye skrini yanaanza na mgogoro wa kodi za njia za biashara. Kodi! Watu wamelala nje kusubiri vita vya anga, wanapewa mgogoro wa ushuru na vikao vya baraza la seneti. Vikao hivyo vina umuhimu wake, maana ndimo mwanasiasa Palpatine anapopanda ngazi taratibu bila watu kumshtukia, lakini vimeandikwa kikavu na vinasomwa kikavu.

La pili ni Jar Jar Binks, kiumbe wa masikio marefu aliyewekwa kuchekesha watoto. Watu wazima walimchukia. Wakosoaji wengine walisema lafudhi na mwendo wake unawadhihaki watu weusi wa Karibiani, jambo ambalo Lucasfilm ilikanusha. Jar Jar akapewa tuzo ya kejeli ya Razzie ya mwigizaji msaidizi mbaya zaidi.

La tatu liliwauma mashabiki wa kale zaidi. Nguvu ya ajabu ya Jedi, iliyokuwa kama imani, ghafla ikawa kitu cha kupimwa kwenye damu, kama mtu aliyekwenda kupima malaria.

Lakini muvi yote si mbovu. Mbio za vyombo vya Tatooine bado zinasisimua, na pambano la mwisho dhidi ya Darth Maul, mwenye upanga wa mwanga wa pande mbili, ni kati ya mapambano bora ya mfululizo mzima. Muziki wa John Williams uko juu. Na mapato hayakuwa na utani: iligharimu takriban dola milioni 115, ikaingiza zaidi ya dola milioni 900 mwaka huo.

Kwenye Oscar iliteuliwa mara tatu, kwa athari za picha na vipengele viwili vya sauti. Zote tatu zilichukuliwa na The Matrix, muvi nyingine ya sayansi ya kubuni ya 1999, ambayo hakuna aliyekuwa ameisubiri kwa miaka 16.

Mkanda kwanza, diski baadaye

The Matrix iliwahi pia kwenye soko la nyumbani. DVD yake ilitoka mwaka huo huo wa 1999 na kuwa ya kwanza kuvuka nakala milioni moja Marekani. Kila aliyenunua deki mpya ya DVD alitaka na Episode I.

Hakuipata. Aprili 4, 2000 muvi ilitoka Marekani kwenye mikanda ya VHS pekee. Lucas alikuwa ameshazama kwenye Episode II na hakutaka kutoa DVD isiyo na vionjo vya kutosha. Mashabiki wakalalamika na kukusanya saini, lakini mkanda ndio ukabaki.

Mkanda wenyewe ulikuja wa aina mbili. Wa kawaida ulikatwa picha pande zote mbili ili ijae kwenye TV za mraba za wakati ule. Muvi ilipigwa kwa picha pana sana, kwa hiyo zaidi ya theluthi moja ya picha ilibaki nje ya skrini. Aina ya pili ilikuwa ya wakusanyaji, yenye picha pana kamili, kijitabu na kipande cha filamu halisi.

DVD ilifika Oktoba 16, 2001 ikiwa na diski mbili. Baadhi ya vipande vilivyoachwa wakati wa uhariri vilimaliziwa upya kwa kompyuta, na vingine vikarudishwa ndani ya muvi, ikiwemo nyongeza ya mbio za Tatooine na safari ya teksi ya angani. Muvi ikatoka dakika 133 za sinema hadi dakika 136.

Lakini kitu bora kwenye diski hizo ni filamu ya kumbukumbu ya saa moja na ushee, The Beginning, inayoonyesha jinsi kazi ilivyofanyika. Kuna sehemu Lucas na wenzake wametoka kutazama muvi ikiwa bado mbichi. Chumba kizima kimya. Nyuso zinasema. Lucas mwenyewe anakiri kwamba huenda amevuka mipaka katika baadhi ya sehemu. Ni nadra sana kampuni kuuza diski yenye ushahidi wa namna hiyo dhidi ya bidhaa yake yenyewe, na anayetaka kuelewa muvi ilivyoteleza aanzie hapo kabla ya kusoma wakosoaji.

Kwa nini mkanda wa Marekani haukucheza huku

Hata mtu aliyekuwa na ndugu Marekani wa kumtumia mkanda mwaka 2000 angepata shida. Marekani ilitumia mfumo wa picha wa NTSC, Tanzania PAL. Ukiuweka mkanda huo kwenye deki ya PAL tupu, picha inaruka-ruka au inakosa rangi.

Watu wa Kilombero wanalijua tatizo hili kupitia reli. Njia ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, na ile ya zamani inayotoka Kilosa ina milimita 1,000. Behewa la huku haliingii kule, ndiyo maana mwaka 1998 pakajengwa kituo cha kuhamishia mizigo Kidatu. Kwenye muvi hapakuwa na Kidatu.

DVD ikaja na kizuizi kingine. Dunia iligawanywa kwa namba: Marekani ukanda wa 1, Ulaya ukanda wa 2, Afrika Mashariki ukanda wa 5 pamoja na India na Urusi. Diski halali ya Marekani ingeweza kugoma kwenye deki halali ya hapa.

VCD haikuwa na masharti hayo. Ilikuwa rahisi na deki zake zilikuwa za bei nafuu, ila diski moja ilibeba dakika 74 hadi 80 tu. Muvi ndefu kama hii ililazimika kugawanywa diski mbili. Baadaye zikaja DVD za Kichina zilizobanwa muvi nyingi ndani ya diski moja, na sasa zama za flash.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania, Namba 7, nayo ni ya mwaka 1999, mwaka ule ule wa Episode I. Kwa sheria hiyo, kunakili muvi ya mtu na kuiuza bila idhini ni kosa, iwe kwa mkanda au kwa flash. Kibandani ni wachache wanaoikumbuka.

Walioikata upya, na waliozifanya pilau

Mkanda ulizaa kitu ambacho Lucas hakukipanga. Mhariri mmoja wa filamu wa California, Mike J. Nichols, alichukua Episode I, akakata karibu dakika 20, akapunguza maneno na vituko vya Jar Jar, na kuiita The Phantom Edit. Mwaka 2001 nakala zilikuwa zinapita mkono kwa mkono mjini Los Angeles, na magazeti makubwa yakaandika kuwa toleo la mtaani limeipita muvi yenyewe. Lucasfilm baadaye ikapinga usambazaji wake.

Kwa Mtanzania hilo si jipya. Huku muvi imekuwa ikitengenezwa upya kitambo na watafsiri. Maarufu kuliko wote alikuwa Derek Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Mtafsiri hupunguza sauti ya muvi na kuweka ya kwake: anaeleza nani ni steringi, nani adui, anatania, anaongeza methali, anaruka maneno yasiyo na faida. Kazi hiyo ilianzia kwenye vibanda, mtu na maiki yake mbele ya watazamaji, ikahamia kwenye mikanda. Kenya wana DJ Afro.

Mtafiti Mjerumani Matthias Krings aliyeandika juu ya kazi hii Tanzania aliipa makala yake jina la kugeuza wali kuwa pilau. Kwenye bonde la mpunga, mfano huo hauhitaji mtafsiri.

Tofauti ni kwamba Nichols alikata, mtafsiri anaongeza. Lakini wote wawili wanamtendea mtazamaji haki ambayo mwenye muvi alimnyima. Episode I ni aina hasa ya muvi inayomhitaji mtafsiri mzuri: yale maneno ya seneti na kodi, akisimama mtu na maiki akasema kwa sentensi mbili kwamba huyu mzee mpole Palpatine ndiye mchawi wa kijiji kizima, ukumbi mzima utakaa sawa.

Wakenya ndani ya Star Wars

Mfululizo huu una alama za Afrika Mashariki. Mwaka 1983, kwenye Return of the Jedi, rubani mwenye mashavu mapana anayeitwa Nien Nunb alipewa sauti na mwanafunzi wa Kenya aliyekuwa Marekani, Kipsang Rotich, aliyezungumza lugha za kwao. Dunia ikadhani ni lugha ya anga za mbali. Kwenye sinema za Kenya watu waliielewa.

Mwaka 2015 Lupita Nyong'o akaigiza Maz Kanata kwenye The Force Awakens kwa kuvaa vifaa vinavyonasa mwendo wa mwili na uso, kisha kompyuta ikamgeuza kiumbe mwingine. Njia hiyo ilifunguliwa kwa sehemu kubwa na Ahmed Best, yule aliyekuwa ndani ya Jar Jar. Lawama za 1999 zilimwelemea. Mwaka 2018 alieleza hadharani kuwa zilikaribia kumfanya ajitoe uhai. Mwaka 2023 alirudi kwenye tamthilia ya The Mandalorian akiwa Jedi, na safari hii mashabiki walimshangilia.

Ianzwe au irukwe?

Anayeingia Star Wars kwa mara ya kwanza asianze na Episode I, hata kama namba inamdanganya. Ile siri kubwa ya muvi ya 1980 kuhusu Vader inaharibika. Aanze na ya 1977, ifuate ya 1980, ndipo arudi nyuma. Upo mpangilio maarufu uliopendekezwa na Rod Hilton mwaka 2011 unaoziweka kwa namba 4, 5, 2, 3, 6 na kuiacha ya kwanza kabisa. Ni ukali kupita kiasi. Mtoto wa miaka 9 au 10 ataipenda Episode I kuliko zote, na waliokutana nayo nyumbani wakiwa na umri huo, bila kusubiri miaka 16, ndio wanaoitetea leo. Ilipozinduliwa tena kwenye sinema Mei 2024 kutimiza miaka 25, kumbi zilipata watu.

Kwa anayetaka kujua ana toleo gani, amtazame Yoda, mzee mdogo wa kijani. Akiwa kikaragosi cha kuchezeshwa kwa mkono, hilo ni la VHS au DVD. Akiwa wa kompyuta, ni la Blu-ray ya 2011 au la baada ya hapo. Na kama safari ya teksi ya angani haimo, hilo ndilo la dakika 133 lililoonyeshwa 1999.