Mkonze: Mahali Kwanza, Barabara Baadaye

Anayeuliza njia Mkonze hapewi jina la barabara. Anaambiwa ashuke shuleni, apite zahanati, akate kushoto penye mbuyu, akifika huko aulize tena. Nguzo za majina ya barabara zipo, na kwenye kuta za nyumba kuna vibao vya namba, lakini dereva wa bodaboda anayesubiri abiria chini ya nguzo hiyohiyo hatalitaja jina lililoandikwa juu ya kichwa chake. Ofisini jambo hili huelezwa kwa urahisi: watu hawajazoea, mji bado mchanga, elimu itolewe. Makala haya yana maoni tofauti. Wakazi wa pembezoni mwa Dodoma wana mfumo kamili wa kutaja mahali, mfumo uliotangulia barabara kwa miaka mingi, na kazi ya kuwapa anwani imekwama nusu njia kwa sababu ilianza na mstari katika nchi inayotajwa kwa maeneo.

Mkonze ni kata iliyo kusini-magharibi mwa Jiji la Dodoma. Barabara ya Iringa hutoka mjini kuelekea upande huo, ikapita Kikuyu, ikashika njia ya Matumbulu na Mpunguzi hadi Mtera. Hii ni nchi kavu ya uwanda wa juu, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake haifiki milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi mingine makorongo huwa makavu, na watu, mbuzi na pikipiki huyageuza njia. Mvua ikija korongo hula ukingo, kijia kinahama, na aliyekuwa akipita mbele ya nyumba fulani sasa anapita nyuma yake. Katika mazingira ya namna hii njia haiwezi kuaminiwa kubeba jina. Kilima, mbuyu, kisima na korongo lenyewe vinaweza.

Wagogo, wenyeji wa nchi hii, waliishi na jambo hili kabla ya mpimaji yeyote. Mwanaanthropolojia Peter Rigby, aliyefanya utafiti Ugogo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake kuhusu ng'ombe na ukoo mwaka 1969, alionyesha jinsi nchi ilivyogawanywa katika maeneo ya kimila, kila eneo likiwa na mtemi wa ukoo wenye haki ya kuliombea mvua na rutuba. Mipaka ya maeneo hayo ilikuwa vilima, mito ya msimu, miti mikubwa na mawe yanayojulikana kwa majina. Kaya zenyewe zilihamahama. Mtu aliweza kuacha tembe lake mahali pamoja na kujenga jingine kwingine kufuata malisho, mashamba ya uwele na mtama, au jamaa wa mkewe. Nyumba ilihama, ardhi ikabaki na jina lake. Anwani ya Mgogo haikuwa nyumba ya ngapi kutoka kona, bali yuko kwenye nchi ipi na jirani na nani.

Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, iliyowakusanya Wagogo katika vijiji vya ujamaa, ilizipanga kaya hizo kwa safu. Hata hivyo, majina ya mahali hayakufutika.

Mjini kati mambo yalikwenda kwa utaratibu mwingine, na inafaa kuutazama kwa sababu ndio unaopelekwa Mkonze leo. Dodoma ilikua pembeni ya reli ya kati ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914. Reli iliacha alama kwenye majina: Tambukareli ni kata hadi leo, na jina lake ni maagizo ya kuvuka. Uhindini ni kumbukumbu ya mji uliogawanywa kwa rangi, Madukani na Majengo ni kumbukumbu ya shughuli. Kiwanja cha Ndege nayo ni kata, na itaendelea kuitwa hivyo hata ndege zitakapohamia uwanja mpya wa Msalato. Katikati ya mji barabara zilipewa namba, watu wakasema Barabara ya Sita, Barabara ya Saba, na namba hizo zimeshika vizuri kwa sababu pale barabara zilitangulia nyumba. Wagogo nao walibaki na Dodoma Makulu, Dodoma ile kubwa, nje ya mji wa reli.

Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA. Kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto ikaandaa mpango mkuu wa mwaka 1976, ambao ulikataa mji wa majumba makubwa na badala yake kuchora jamii za makazi zilizotawanyika kufuata sura ya nchi. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wenye heshima kwa vilima. Utekelezaji wake ulizaa majina ya namna nyingine: Area A, Area C, Area D, Area E. Jina la herufi ni jina linalotolewa na mtu ambaye hajafika mahali anapopataja, ingawa lazima ikubaliwe kwamba Area D imepata wenyewe, na hakuna anayeona haya kusema anaishi huko.

CDA ilishika ardhi yote ya makao makuu na kuwapa wakazi mikataba ya miaka 33. Wakulima wa vijiji vilivyokuwa ndani ya mpaka huo walijikuta wapangaji kwenye mashamba ya babu zao, na migogoro ya viwanja na bomoabomoa ikawa sehemu ya maisha ya Dodoma hadi Rais Magufuli alipoivunja mamlaka hiyo Mei 2017 na kazi zake kwenda manispaa. Tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Serikali ilikuwa imeshaanza kuhamia tangu 2016, na watu wakaifuata: sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika manispaa, ya 2022 ikahesabu 765,179 katika jiji. Ongezeko hilo halikuweza kukaa Uhindini. Lilikwenda Nala, Nzuguni, Iyumbu, Ntyuka, na huku Mkonze, hasa sehemu za Michese na Miganga, ambako mashamba yalipimwa yakawa viwanja.

Hati ya kiwanja inayotoka kwenye upimaji huo husema nini? Husema kiwanja namba fulani, kitalu fulani, Michese. Barabara haimo. Mwenye hati anamiliki kipande ndani ya eneo, na eneo hilo lina jina la Kigogo ambalo mpimaji alilikuta. Postikodi nazo zimejengwa hivyohivyo: tarakimu tano zinazotoka kwenye kanda hadi mkoa, wilaya na kata, zile za Dodoma zikianza na 41. Serikali za mitaa hazina tofauti. Kwa sheria za Tanzania mtaa ni eneo lenye mipaka, ofisi, mtendaji na mwenyekiti anayepigiwa kura, kama ilivyofanyika Novemba 2024. Mtu wa Michese akisema mtaa wake, anamaanisha eneo analopiga kura na kuombea barua ya utambulisho. Ni anwani za makazi pekee, zile zilizosambazwa kwa operesheni iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Februari 2022 ili ziwahi sensa ya Agosti mwaka huo, ambazo zilitaka kila kijia kiwe na jina na kila nyumba ihesabiwe kufuata kijia hicho.

Kwa hiyo mkazi mmoja ana anwani nne serikalini, tatu zikiwa za eneo na moja ya mstari. Haishangazi kwamba ile moja ndiyo asiyoikumbuka.

Haraka ya mwaka 2022 iliongeza tatizo. Kutafutia majina maelfu ya barabara kwa miezi michache, nchi nzima, ni kazi ambayo ingemchosha hata mshairi. Ndiyo maana miji mingi ya Tanzania imejaa barabara za majina ya miti, mikoa, viongozi, na za wakazi waliotangulia kujenga. Majina hayo hayana ubaya wowote, ila hayakufunganishwa na kitu ambacho mpita njia anakiona. Barabara ya Mwembe isiyo na mwembe humfundisha mgeni kutotazama vibao. Wakati huohuo majina mengi ya ardhi yaliyokuwepo hayakupata nafasi kwenye nguzo, na yale yaliyopata huandikwa ovyo. Kata ya Ng'hong'honha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, huandikwa Ng'ong'ona na kwa namna nyingine kadhaa, kwa sababu pumzi ya sauti za Kigogo haikai vizuri kwenye sikio la karani aliyetoka pwani. Mashine ya kutafuta anwani haisamehi tofauti hiyo kama binadamu anavyosamehe.

Tokyo ilipitia jambo kama hili. Anwani za Japani hutaja wilaya, eneo, kitalu na namba ya jengo, na barabara nyingi hazina majina kabisa. Baada ya 1945 jeshi la Marekani lililoikalia nchi hiyo liliona ni fujo, likazipa barabara za Tokyo herufi na namba na kusimika vibao. Jeshi lilipoondoka, wenyeji waliendelea na vitalu vyao, na posta ya Japani haikuanguka. Funzo hapa ni dogo lakini lina uzito: anwani ya eneo inaweza kuendesha mji mkubwa kuliko Dodoma mara nyingi.

Lipo pingamizi la kweli, nalo si la mazoea bali la dharura. Gari la zimamoto au la wagonjwa halina muda wa kuuliza penye mbuyu, na mwezi wa pili usiku, korongo likiwa limejaa, kosa la njia moja ni kosa la nusu saa. Pingamizi la pili ni kwamba wahamiaji wa Mkonze wametoka Mbeya, Kagera na Kilimanjaro. Majina ya Kigogo yana maana gani kwao? La pili linajibika kwa kutazama mji wenyewe. Wakazi wengi wa Nkuhungu si Wagogo, na wote hutaja Nkuhungu bila kusita, kama ambavyo watu wa Dar es Salaam kutoka kila mkoa husema Manzese, Ubungo na Mbagala, kisha huongeza kitu kinachoonekana: Ubungo Maji, Mbagala Rangi Tatu. Jina la mahali halihitaji kueleweka, linahitaji kutumika. Pingamizi la kwanza ndilo linaloamua umbo la suluhisho, kwa kuwa dereva wa gari la wagonjwa anahitaji mstari ndani ya eneo, si mstari badala ya eneo.

Njia ya kulifikia hilo imeshaonekana mjini kati. Barabara za eneo moja zichukue jina la eneo na namba inayofuata mpangilio, Michese 1, Michese 2, Michese 3, mpaka eneo liishe kwenye korongo au kilima kinachojulikana. Mgeni akisikia Michese 7 atajua aelekee upande gani wa jiji kabla hajajua barabara ni ipi, jambo ambalo Barabara ya Mwembe haiwezi kumpa. Hati ya kiwanja, postikodi na kibao cha nyumba vitataja mahali pamoja. Viongozi watakaokosa barabara Mkonze watafidiwa na viwanja vya mikutano na shule, ambavyo nchi hii haijawahi kuvinyima majina yao.

Suala hili lina muda wake. Barabara ya mzunguko wa nje ya Dodoma, kilomita 112.3, ina kipande cha kilomita 60 kinachotoka bandari kavu ya Ihumwa kupitia Matumbulu hadi Nala, yaani nyuma ya Mkonze kabisa, na viwanja hufuata lami. Huko bado kuna mashamba ya uwele, mizabibu na mibuyu yenye majina ambayo hayajaandikwa popote. Kuyakusanya kunahitaji daftari, wazee wawili watatu kila mtaa, mtu anayejua kuandika Kigogo, na mpimaji aliye tayari kuweka jina la korongo kwenye ramani yake kabla hajaandika Kitalu A.