Mpango wa Dharura wa Biashara Yako Unamlinda Nani?

Siku hizi kila mtu anauza ushauri wa kujiandaa kwa majanga. Weka akiba, kata bima, ficha nakala za stakabadhi. Sawa kabisa. Lakini kuna sehemu ya Kenya ambayo biashara imekuwa ikipambana na majanga kabla wazazi wetu wengi hawajazaliwa, na historia yake inauliza swali ambalo hao washauri hawaulizi. Twende Kericho na Bomet.

Kampuni kubwa za chai ziliingia Kericho miaka ya 1920, kati yao Brooke Bond na James Finlay. Zilipata udongo mzuri, baridi kiasi na mvua karibu mwaka mzima. Shida ni kwamba mvua yenyewe huja na mawe. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria inapanda milima, mawingu yanarundikana mchana, na jioni barafu inamwagika shambani. Kericho ina rekodi ya dunia: siku 132 za mvua ya mawe ndani ya mwaka mmoja. Majani mawili na chipukizi yakishachanika, mchumaji hana cha kuchuma mpaka kichaka kichipue upya.

Wenye mashamba hawakukaa tu kutazama mbingu. Mapema miaka ya 1960 walijaribu kurusha roketi mawinguni. Mwaka wa 1967 ikaja kampuni ya Marekani, Atmospherics Incorporated, na ndege za kupeleka kemikali ya iodidi ya fedha mawinguni. Wazo lilikuwa kufanya barafu igawanyike kuwa vipande vidogo vingi, viyeyuke kabla ya kufika chini. Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu nguvu ya mbinu hiyo, lakini ebu fikiria: 1967, ndege zinapigana na mawingu ili kuokoa majani ya chai!

Mambo yakazidi kuwa matamu. Mwaka wa 1982 watafiti Russell Schnell na Sue Tan-Schnell walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba vumbi la majani makavu ya chai linaweza kuanzisha barafu ndani ya mawingu. Yaani huenda shamba lenyewe linasaidia kutengeneza mawe yanayolipiga. Hatari nyingine hazitoki nje, ziko ndani ya biashara.

Mkulima mdogo wa Bomet anayepeleka majani Kapkoros au Tirgaga hakuwa na ndege. Yeye alikuwa na mfumo wa KTDA, ulioanza 1964: malipo ya kila mwezi kwa kilo, halafu bonasi mwisho wa mwaka. Mawe yakipiga, malipo ya mwezi yanaporomoka, lakini bonasi ya kilo alizopeleka mapema bado iko njiani. Si bima, ila imevusha watoto wengi kurudi shule.

Sasa tufike kwenye janga ambalo halikutoka mawinguni. Kufikia 2007, mashamba ya Brooke Bond yalikuwa ya Unilever. Wafanyakazi wengi waliishi ndani ya shamba, kwenye nyumba za kampuni, na wengi walitoka jamii za mbali na Kericho. Matokeo ya uchaguzi yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, vurugu zikaanza, na wavamizi wakaingia shambani. Watu waliuawa, wanawake walibakwa, nyumba zikaporwa.

Baadaye watu 218 walifungua kesi London. Walisema hatari ilionekana mapema, na kwamba maandalizi ya kampuni yalihusu mameneja na mali kuliko watu waliolala kwenye zile nyumba. Unilever ilikana kwamba ilikuwa na jukumu. Mwaka wa 2018 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa kesi dhidi ya kampuni mama isiendelee, kwa sababu mpango wa kukabili dharura ulikuwa kazi ya kampuni tanzu ya Kenya yenyewe. Ona hapo: mpango wa dharura, ile karatasi tunayoiona ya kuboesha, ndio uliokuwa katikati ya kesi.

Mimi msimamo wangu ni huu. Biashara iliyoweza kutafuta ndege kwa ajili ya majani haiwezi kusema mchumaji alikuwa mbali sana kuonekana. Na sisi wenye saluni, vibanda na boda tusijione watakatifu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipopiga Nairobi, wengi wetu tungekimbilia kuokoa stoki kwanza.

Kwa hivyo chukua daftari leo. Andika namba ya jamaa wa kila mtu anayekufanyia kazi. Andika nani ana ufunguo wa pili, na nani anaishi karibu na mto. Kubalianeni ni nani ataamua kufunga mambo yakichacha, ili kijana wa shifti ya usiku asiogope kufutwa kwa kukimbia. Weka kando hata mshahara wa wiki mbili wa siku ambazo mlango hautafunguka. Halafu msomee mfanyakazi wako mpango huo. Asipolisikia jina lake humo, uandike upya.